Sauti Isiyo na Kwao

Nakumbuka niliisikia ile sauti kabla sijafika uani. Ilikuwa ya mwanamume, nzito na tulivu, ikitoka nyumbani kwa shangazi yangu Nyangeta pale Butiama, ikisema chanjo ya korona inaziba mapafu ya wazee. Nikadhani kuna mgeni. Nilipoingia nilikuta simu tu, imeegemezwa kwenye bakuli mezani, na Magesa, mwanawe anayeendesha bodaboda Bunda, akiicheza tena sauti ile ili mama yake asikie vizuri.

Mwanangu, miaka ile nilikuwa bado najiita kijana, na korona ilikuwa imeanza kuingia nyumba za watu tunaowajua. Shangazi alikuwa na pumu. Asubuhi ile alikuwa anakwenda zahanati kuchanjwa. Kanga safi ilikuwa tayari begani. Magesa alikuja kumzuia, na alimzuia kwa mapenzi, usimcheke.

Shangazi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Huyu anayesema ni wa nani?"

"Ni daktari, mama."

"Nimeuliza ni wa nani. Kwao wapi?"

"Sijui. Imeletwa kwenye grupu."

"Grupu ndiyo ukoo gani?"

Mimi nilicheka. Magesa hakucheka.

"Hapa mgeni akiomba hata maji, tunamuulizaga kwao," shangazi akasema. "Huyu umemwingiza mpaka kwenye mapafu yangu, hujamuuliza. Nesi wa zahanati namjua, na mama yake namjua. Akinidanganya, najua pa kwenda kubisha hodi. Huyu wako, kifua kikinibana, nitamfuata wapi?"

Magesa alipandisha ujumbe, akateremsha, akitafuta jina. Halikuwepo.

Basi, mwanangu, sikwambii uitupe simu. Hata tangazo la siku ya chanjo lilitufikia kwa simu hiyohiyo. Ila habari inayogusa pumzi ya mtu, iulize kwao kabla hujaikaribisha. Na kama hujui nani ataijibia, isitoke mkononi mwako kwenda kwa jirani. Mungu akupe masikio yasiyo na haraka, akutunzie wazee wako wakuone nawe ukiota mvi.

Shangazi alivaa barakoa, akatoka, akitembea polepole kama wenye pumu wanavyotembea. Magesa alibaki akiitazama simu. Mwishowe akaiacha palepale kwenye bakuli, akachukua ufunguo wa pikipiki, akamfuata mama yake, na mlango ukajifunga nyuma yake.