Nilipiga kelele "Imeingia!" jirani akaja na panga

Jamani, leo nimetisha mtaa wetu mzima wa Gihundwe bila kukusudia.

Niko likizo kwa Maman. Nimekaa sebuleni, simu ikalia. Ni picha kutoka kwa Diane, mwenzangu wa maabara kule Kigali.

Nikaiangalia. Nikaruka juu.

"Imeingia! Imeingia ndani!"

Maman akatoka jikoni mbio. Papa Yusufu, jirani yetu, akafika mlangoni na panga.

"Nyoka iko wapi? Batoto batoke kwanza!"

Eeh, chekeni tu, nawaruhusu.

Kilichoingia ni protini. Imeingia ndani ya seli.

(Kwa wasiojua kazi yangu: protini ni kubwa, haiwezi kupenya utando wa seli peke yake. Tunaifunga kwenye vitone vidogo sana vya mafuta, ili viivushe. Tabu ni kwamba mafuta yetu yalikuwa yanaua seli kila mara. Mkuu wangu alishasema hili ndilo jaribio la mwisho.)

Kwenye picha ya leo, protini inang'aa kijani ndani ya seli nzima. Na seli ziko hai!

Nikawaeleza hivyo, nikiwaonyesha picha. Papa Yusufu akashusha panga polepole.

Maman akauliza swali moja tu.

"Mafuta hayakuziua?"

"Hayakuziua, Maman."

"Alhamdulillahi. Basi kaa ule. Tangu ufike unachokonoa tu chakula."

Akaleta bugali na sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, za moto. Nimemaliza sahani, nikaongeza.

Papa Yusufu pia.