Chumba Kisichoitikia Shikamoo

Shangazi yangu wa Muleba, dada wa baba, alifiwa na mume akiwa na binti mmoja tu, na binti mwenyewe kaolewa mbali. Baada ya matanga ndugu za marehemu waliketi, wakanywa rubisi yao, pombe ya ndizi, wakaamua: mjane atabaki kwenye kibanja, yaani nyumba na shamba lake la migomba na kahawa, maadamu anakitunza. Kikiharibika, ukoo utakichukua. Sheria ya serikali inasema mengine, najua, nimeisoma. Nenda basi ukaisome mbele ya mashemeji waliokaa benchi moja, uone.

Basi akakitunza. Jamani, kibanja kile! Nyasi zimetandazwa, majani makavu yamekatwa, kahawa imepogolewa, huoni hata gugu. Watu wakitoka misa walikuwa wanapitia hapo kutazama tu. Shangazi alijua kila mgomba unaosimama ni siku nyingine ya kulala nyumbani kwake.

Mimi nina steshenari ndogo mjini, mtaa wa Miembeni, fotokopi na picha za pasipoti. Wateja wakipungua huwa najitolea kwenye jamii moja ya wakulima mtandaoni. Hatulipwi. Wamo wataalamu wa mimea, wamo wakulima, na wamo watu kama mimi, tunaojua tu nani aitwe kwa shida ipi. Mgeni anaona kitufe cha kijani kimeandikwa "Tupo hapa", akikibonyeza anaingia kwenye chumba cha kuchati na mmoja wetu aliyeko zamu. Wenzangu wengi wako Dar es Salaam na Morogoro. Walizoea kunitania kwa lile jina la Wahaya wanaojiona wasomi, "Nshomile, leo utatuandikia Kiswahili au tutafute mkalimani?" Nami nawarudishia palepale. Tulikuwa tunapendana.

Pasaka nilipokwenda kumsalimia shangazi nilimwekea kitufe hicho kwenye simu yake, nikamwonyesha pa kubonyeza.

Miezi michache baadaye mnyauko, ule ugonjwa wa migomba, ukaingia. Mgomba mmoja wa pembeni uligeuka njano, ndizi zikaiva kabla ya wakati, ukizipasua ndani zimeoza. Shangazi hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Jirani wa kulia shemeji, wa kushoto shemeji. Mimi hakuniambia kwa sababu nina mdomo, na hapo sibishi. Akaona afadhali awaulize watu wasiomjua. Akabonyeza kitufe, akaandika: "Shikamooni. Poleni na kazi. Watoto hawajambo?"

Kisha akasubiri.

Aliyelelewa kwetu haulizi kwa nini alisubiri. Huingii kwa mtu ukaitupa shida yako mlangoni kama mzigo wa kuni. Unasalimia, unaitikiwa, unaulizwa za nyumbani, halafu shida inatoka yenyewe, polepole. Asiyeitikia salamu yako amekwambia rudi ulikotoka.

Aliyekuwa zamu akambandikia lile jibu letu la siku zote: "Salamu si lazima. Uliza swali lako moja kwa moja, wengine wanasubiri." Eti salamu si lazima! Unamwandikia hivyo mwanamke ambaye hata akikuta kitoto cha miaka minne njiani anasimama kukijulia hali. Akafunga simu kwa aibu. Wiki iliyofuata akajaribu tena, akasalimia vizuri zaidi, akawaombea na baraka. Safari hii hakuna hata aliyebandika kitu. Mtambo unaoendesha chumba uliona hakuna swali, ukaandika wenyewe, "Mazungumzo yamefungwa." Akajaribu tena Jumapili, akidhani labda siku ya Bwana watu wana adabu kidogo. Ukafunga.

Na katika kusubiri huko, unafikiri alikaa amekunja mikono? Alitunza. Alichukua panga lake akakata majani ya njano, mgomba hadi mgomba, asubuhi hadi jioni, panga lilelile. Mtaalamu yeyote wa kwetu angemwandikia mstari mmoja: ng'oa mgomba mgonjwa, na panga lipitishe kwenye moto kabla hujagusa mwingine. Mstari mmoja tu! Alikuwa anaubeba ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe na kuugawa kibanja kizima. Mvivu angebakiwa na nusu.

Binti yake ndiye aliyenipigia simu. Nilipofika nilisikia harufu kabla sijaona kitu, harufu ya togwa iliyochacha. Kahawa ilikuwa imesimama peke yake na jua linaipiga, kwa sababu migomba iliyokuwa ikiipa kivuli ilikuwa chini. Nilikata shina moja, likatoa ute wa njano. Shangazi alikuwa amekaa barazani na simu mapajani. Akanionyesha yote aliyoandika. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniua.

"Waitu, mwanangu, niliwasalimia," akasema. "Labda niliingia wakati mbaya."

Nililia pale, sikufichi. Nilipomaliza kulia nikakasirika.

Kwenye kikao chetu cha wanaojitolea niliwasema mpaka simu ikapata moto. Kiongozi wetu, mtu mstaarabu tu, akaniuliza, "Sasa dada, mgeni akikaa kimya tutajuaje ana shida?" Nikamwambia, "Kwenu mtu anabisha hodi kwa sababu ameshiba?" Mwingine akaandika kwamba Wahaya tunapenda mambo marefu. Nikamjibu neno ambalo sitaliandika hapa. Tulibishana wiki nzima. Mwishowe wakakubali: aliye zamu ataitikia salamu, atamjulia hali mgeni, atangoja, na mtambo hautamfungia mtu mlango kwa sababu anajifikiria. Na ikafaa kweli. Wageni waliokuwa wakiingia na kutoka kama nzi wakaanza kubaki, wazee kwa wazee, wakaandika shida zao moja moja. Wenzangu wakanishukuru kwa kunitumia vile vimaua vya kwenye simu, skrini nzima. Nilitamani kuvikusanya niwatupie usoni.

Kwa sababu mwezi huohuo ukoo uliketi. Shemeji mkubwa alisema kwa upole kabisa, "Shemeji, tulikubaliana." Wakampa muda achume kahawa iliyobaki. Nikasimama na sheria yangu, nikaambiwa mimi ni mtoto wa ukoo mwingine, nikae. Nikamsihi shangazi twende baraza la ardhi. Akakataa.

"Niache, mwanangu. Kimefia mikononi mwangu. Kila mtu ameona."

Sasa anaishi kwangu Rwamishenye. Mchana tunakuja wote Miembeni, anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mashine ya fotokopi, hana cha kupalilia. Akiona karatasi chini anaiokota. Juzi nilikuwa zamu, akakiona kile kitufe kwenye simu yangu.

"Siku hizi wanaitikia?"

"Wanaitikia, shangazi."

"Hebu."

Alitoa simu yake mwenyewe, akabonyeza, akaandika shikamooni yake. Nilimwachia mwenzangu wa Morogoro aipokee, nikalaza simu yangu kifudifudi mezani. Jibu likaja palepale. Akalisoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno: "Marahaba, na sisi twakuamkia kama wewe ni mkubwa wetu. Karibu sana. Habari za nyumbani? Migomba haijambo?"

Alitabasamu. Kweli alitabasamu, nilimwona. Kisha tabasamu likakaa usoni halina kazi, naye akabaki anaitazama simu. Mteja akaingia na cheti cha kuzaliwa anataka nakala, nikamwambia angoje.

"Wanauliza za nyumbani," shangazi akasema.

Salamu haiachwi hewani, hajawahi kuiacha hata siku moja maishani mwake. Akajifuta mkono kwenye kanga, akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi: "Nzuri. Haijambo."

Akashukuru, akafunga simu.