Swali la Tisa

Siku moja ya kiangazi pale Kisaju haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu Naserian, na jana ulipoketi hapa kwangu Kitengela na zile fomu zako magotini, ilinirudia yote. Ulisema unataka kuacha utafiti. Chuoni hakuna hata mwalimu mmoja anayejua Kimaasai wa kukushika mkono, na kwa baba yako mkubwa ulishindwa kumuuliza kuhusu pombe, ukaandika "hanywi" ukaondoka. Niligeuza uso, nikakuagizia soda, ingawa chupa ya chai ilikuwa miguuni pangu. Ulidhani nimekukasirikia. Sikukukasirikia wewe, na ndiyo sababu leo nimekuita.

Nilikuwa ndio nimemaliza kidato cha nne. Madaktari fulani walikuja kutafiti ulevi na maradhi ya ini, wakanichukua kwa sababu nilijua Kimaasai na nilikuwa na mwandiko mzuri. Walinipa baiskeli, kofia nyeupe na karatasi zenye maswali ishirini. Nilijiona mtu mkubwa kweli, kofia sivui hata nikila! Mpaka swali la nane mambo yalikuwa laini: maji mnateka wapi, watoto wamechanjwa. Swali la tisa lilisema: Unakunywa pombe? Mara ngapi kwa wiki?

Wewe unajua. Kijana hamuulizi mzee wa rika la baba yake jambo kama hilo. Enkanyit, ile heshima tuliyoinyonya pamoja na maziwa, haimruhusu. Wale madaktari hawakulijua hilo, wala hakuna aliyeniuliza kama kuna swali lisiloulizika. Mimi nami niliogopa kusema, wasije wakachukua kofia yao. Basi nikawa naruka. Namwinamishia mzee kichwa, nauliza manane, la tisa najijibu mwenyewe: hanywi. Boma baada ya boma, hanywi.

Siku hiyo ya kiangazi zamu ikafika kwetu. Baba alikuwa ameketi mlangoni asubuhi, mikono ikitetemeka hata chai inamwagikia shuka. Alianza na pombe ya asali ya sherehe kama wenzake, halafu chang'aa ikamchukua. Macho yake yalikuwa ya manjano. Nilimpenda baba yangu, mwanangu. Nikaandika hanywi kwa ule mwandiko wangu mzuri.

Mwaka uliofuata chifu aliitisha baraza. Akatuambia ulikuwapo mpango wa kuleta muuguzi na dawa za kuwatibu walevi, lakini umepelekwa kwingine, maana utafiti umeonyesha wanaume wa hapa hawanywi. Watu walicheka sana. Mama hakucheka. Alikuja nilipokuwa nimesimama, akanivua ile kofia taratibu.

"Ni wewe uliandika?"

"Yeiyo, ningemuuliza baba aje?"

"Ungetuma mtu wa rika lake amuulize. Ama ungeniuliza mimi, niko na macho. Sasa umemfunika baba yako na karatasi."

Baba alikufa kabla ya mvua. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini mwenye kuficha nilikuwa mimi na kilio kikawa cha mama. Wenzake wakafuata, baadaye mdogo wangu. Leo ardhi ya Kisaju imekatwa ploti, na wana wa waliokuwa na mifugo wanalala mitaroni hapa mjini mchana kweupe. Sitakudanganya. Siku nyingi naamini tumechelewa, na kwamba hakuna karatasi itakayomwinua hata mmoja wao. Nimezika watu wengi mno, nimechoka.

Hata hivyo sikukubalii uache. Ukiondoka atakuja mgeni mwenye kofia, naye ataokota hanywi zilezile, na sisi tutaendelea kufa huku fomu zinasema tu wazima. Usiandike neno ambalo hukulisikia. Afadhali uache pengo. Waambie walimu wako bila kuona haya: kwetu swali hili mtoto haliulizi, nipeni mzee wa kuliuliza. Heshima ni kitu kizuri, lakini mficha uchi hazai. Na kama umebeba mzigo huu peke yako, aibu ni yetu sisi wazee. Tulikupeleka shule kwa nderemo, kisha tukakufungia midomo. Baba yako mkubwa ni rika langu. Kesho tutakwenda wote, nitamuuliza mimi, wewe uandike.

Lakini mimi pia sijaulizwa na mtu. Chukua hii chupa ya chai, fungua kifuniko, unuse. Sasa unajua kwa nini jana nilikupa soda. Tangu tulipomzika mdogo wangu, kila siku, na asubuhi ndiyo mbaya zaidi.

Usilie. Inamisha kichwa nikutemee mate ya baraka. Enkai akupe mkono usiotetemeka. Akupe wazee wanaosema kweli na walimu wanaosikia. Akuzeeshe kati ya watu wako, na uwakute wazima. Itikia naai, ile amina yetu.

Haya, toa kalamu mwanangu. Niulize swali la tisa, na usiruke.