Mwandiko wa Kubofya

Nabor Tlapanco alikuwa mwandishi wa barua barazani, pale katikati ya jiji la Mexico, ambako asiyejua kuandika hupeleka moyo wake ukapigwe taipu. Kwa majivuno yake, hata njiwa wa uwanjani walimpisha njia. Siku alipoleta kompyuta, na ndani yake mwandiko wa bandia unaoiga mkono wa mtu, akatangaza kwamba amezaliwa upya.

Mwandiko wenyewe, Mungu atusitiri. Herufi zimelala ubavu kama walevi wa Jumamosi, kila moja imemshika mwenzake mkia. Ukiupitia haraka utadhani kaandika binti mchangamfu kwa kalamu nene, huku akitafuna pipi. Utazame vizuri sasa: kila "a" ni pacha wa "a" nyingine, na mkono wa binadamu haujazaa pacha tangu dunia iumbwe. Nabor akaubandika kila mahali: kadi za harusi, kibao cha supu ya utumbo ya Macario, tangazo la mng'oa meno, barua za mapenzi. Wanaume arobaini walichumbia kwa mkono mmoja, hata mitaa mitatu ikajaa wanawake walioolewa na printa.

Kisha naye akapenda. Bi Eufrosina, mjane aliyeuza tamali, zile donge za unga wa mahindi zilizofungwa majanini, na uji wa mahindi pembeni mwa baraza, hakujua kusoma hata jina lake. Ndiyo maana Nabor hakujisumbua. Akachapa karatasi, akaikunja, akampelekea asubuhi foleni ikiwa ndefu, akataka jibu palepale mbele za watu, maana wazo la kukataliwa halikumpitia kichwani.

Bi Eufrosina akajifuta mikono, akaikagua karatasi kama anayekagua kuku wa sokoni, kisha akaiwekea kidole herufi moja.

"Mzee Nabor, kusoma sijui, lakini macho ninayo. Huyu mwenye mkia uliopinda yupo kwenye utumbo wa Macario. Yupo pia kwenye karatasi ya msiba wa marehemu mume wangu. Sasa unaniposa au unanizika?"

Foleni ikacheka mpaka mvuke wa sufuria ukapinda. Nabor akajitetea kwamba mwandiko ni nguo tu, kilichomo ndani ni moyo wake mwenyewe. Mjane akamwambia basi ausome huo moyo kwa sauti.

"Tangu nilipokuona," akaanza Nabor, "hata kengele za kanisa..."

"...zinalitaja jina lako," wakamalizia wanaume sita kwenye foleni, kwa pamoja, kama waumini. Kila mmoja alishawahi kuandikiwa sentensi ileile.

Bi Eufrosina hakumfukuza. Alimngoja aseme lake mwenyewe, kwa haki kabisa, muda wa kuhudumia watu wawili. Kisha akamrudishia karatasi.

"Nenda katafute neno lako, hata likiwa baya. Haya, anayefuata."

Nabor akarudi mezani, akawaza sana. Kisha akazikuza kidogo herufi zilezile, akachapa tena.