Kibao cha Dimbwi la Woga

Kuna watu hukasirika kwa mdomo na kuna wanaokasirika kwa mikono. Fundi Soli alikuwa wa kundi la pili. Ukimchokoza hakujibu neno. Alichukua kiatu kilichokuwa karibu na kukidunga msharasi, ile sindano yake nene ya kushonea, kwa namna ambayo ungeona afadhali angekutukana.

Kwa miaka thelathini na tano alikuwa ameketi mahali pale pale, chini ya ngazi za jengo la posta, na kigoda chake, kopo la misumari na kile chuma cha kugongea soli. Wateja wake walijua mambo mawili. Akikwambia njoo Alhamisi, kiatu kitakuwa tayari Alhamisi. Na ukimwuliza habari za vita atakuuliza kama unataka kisigino cha mpira au cha ngozi.

Maana alikuwa askari zamani, miaka minne tu, ujanani. Binti yake, ambaye ni muuguzi, alilijua hilo kwa sababu ya kovu la begani. Zaidi ya hapo hakuambiwa.

Sasa, wiki moja kabla ya Mbio za Matope, viatu vilimfurika Fundi mpaka akawa hana pa kuweka miguu. Mji mzima ulikuwa umeingiwa na kichaa cha mbio hizo: kilometa nane za kuta, mahandaki na nyaya za kutambaa chini yake, kule kwenye bwawa la zamani ambako vita vya daraja vilipiganwa. Kila kikwazo kilipewa jina la jambo lililotokea vitani. Watu walilipa wenyewe ili wakateswe, wakapige na picha.

Akaja mwalimu mmoja, mteja wake wa siku nyingi, na raba zilizoachama kama samaki.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Hizi nazo zimeona nini?"

"Mazoezi! Nishonee vizuri, fundi wangu, nisije nikaishia Dimbwi la Woga kama wale Kombania ya Tatu."

Fundi akainua macho. "Dimbwi la nini?"

Mwalimu akamweleza huku akicheka. Ukishindwa kikwazo chochote, unapelekwa dimbwini. Unalivuka huku watazamaji wanaimba "Woga! Woga!" na mtangazaji anasoma kwenye kipaza sauti jinsi Kombania ya Tatu walivyotupa bunduki na kukimbilia bwawani. "Ni utani tu, fundi."

Fundi alizishona raba zile mpaka uzi ukalia. Kisha akafunga kazi saa sita mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku aliyofiwa na mkewe, akavuka barabara kwenda kwa Kinyozi.

Kinyozi alikuwa na mguu mmoja na maneno ya watu wanane. Alinyoa akiwa ameegemea gongo, na wateja walikuja kwa ajili ya hadithi kuliko nywele. Lakini hadithi ya mguu hakuwahi kuisimulia. Fundi alipomweleza habari za dimbwi, alizima mashine huku mteja ana nusu kichwa.

Ukweli wenyewe ni mfupi, na mimi nausema kwa sababu wao waliuficha kama watu wenye hatia, nao hawakuwa na hatia yoyote. Kombania ya Tatu walishika daraja siku mbili. Risasi zikaisha. Redio ikasema rudini. Barabara ilikuwa imeshikwa na adui, njia iliyobaki ilikuwa bwawa, nao walikuwa na majeruhi kumi na mmoja. Bunduki walizitupa, hilo ni kweli kabisa. Mtu hawezi kubeba bunduki na mwenzake kwa pamoja katika matope ya kifuani. Fundi alimbeba Kinyozi mgongoni saa tatu nzima. Wote kumi na mmoja walitolewa, na baadaye wakubwa wakaandika kwamba kombania ilikimbia.

Wakaenda ofisini kwa mkuu wa mbio, kijana mwenye viatu vyeupe na adabu ya kutosha.

"Badilisha jina la dimbwi," Fundi akasema.

"Wazee wangu, vibao vimeshapakwa rangi."

"Pakeni nyingine."

"Mnayo karatasi ya hiyo amri ya kurudi?"

"Ilitoka kwenye redio," akasema Kinyozi. "Redio haitoi karatasi, mwanangu."

"Basi sisi tunafuata historia iliyoandikwa. Halafu ni mchezo tu, msiuchukulie moyoni."

"Ndiyo," Kinyozi akasema akitafuta gongo lake. "Mkuki kwa nguruwe mtamu."

Nje palikuwa na meza ya kujiandikisha. Fundi akaisogelea, akasema, "Tuandike wawili." Karani akatazama mvi, akatazama gongo, akauliza umri. "Andika wa kutosha," Kinyozi akamjibu.

Binti alipopata habari alikuja juu. "Baba, una miaka sitini na minne! Presha yako naipima mimi mwenyewe!"

"Basi njoo na mashine yako," Fundi akasema. Halafu, kwa mara ya kwanza, akamsimulia. Binti alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuomba ruhusa kazini.

Siku ya mbio jua lilikuwa kali na muziki ulikuwa mkali zaidi. Kikwazo cha kwanza kilikuwa ukuta wa mbao. Kinyozi aliugonga kwa gongo mara moja.

"Tumeshindwa," akamwambia msimamizi.

"Hata hamjajaribu, mzee!"

"Tumeshindwa kabisa. Tupeleke dimbwini."

Dimbwi lilikuwa na upana wa hatua sitini hivi. Katikati, juu ya nguzo mbili, palisimama kibao kirefu chenye jina lake kwa rangi nyekundu. Fundi aliinama, Kinyozi akampanda mgongoni, wakaingia. Watu wakaangua kicheko. "Woga! Woga!" Mtangazaji akaanza kusoma yake.

"Umenenepa," Fundi akasema, matope yakiwa kiunoni.

"Wakati ule nilikuwa nimeishiwa damu. Tembea, afande."

Lakini magoti ya mtu aliyekaa kwenye kigoda miaka thelathini na tano si magoti ya kijana. Karibu na kibao yalimgoma. Akazama mpaka kidevuni, akaishika nguzo, pumzi zikamtoka kwa mlio. Ukingoni binti alikuwa ameshavua viatu. Fundi akamwinulia mkono kumzuia.

"Niache hapa nishike nguzo," Kinyozi akamnong'oneza. Utani ulikuwa umemwisha. "Utakufa bure, ndugu yangu."

"Sikukuacha wakati wa risasi. Nikuache leo kwa sababu ya kelele?"

Akaukunjua mgongo na kukikamata kibao. Kilikuwa kimepigwa misumari na mtu mvivu, na mikono ile ilikuwa imeng'oa misumari maisha yake yote. Kikaachia upande mmoja, kikaachia wa pili. Akakilaza juu ya matope, maandishi chini, akamlaza Kinyozi juu yake, akaanza kusukuma.

"Mzee, rudisha kibao!" kipaza sauti kikalia. "Mzee!"

Kelele za ukingoni zikaanza kukatika, huku watazamaji wakiulizana nani hawa. Nyuma ya wazee mtu alikuwa anakuja kwa taabu, matope mpaka kwenye nyusi. Ni mwalimu, alikuwa ameshindwa kikwazo cha kamba. Alimwangalia Fundi, akamwangalia mzee wa mguu mmoja juu ya ubao, uso ukamsawijika.

"Fundi," akasema. "Kombania ya Tatu ndio ninyi?"

"Ndio sisi."

Mwalimu akashika upande wa pili wa kibao, wakasukuma pamoja mpaka ng'ambo.

Mkuu wa mbio alikuwa anawangoja pale, mbali kidogo na matope. "Nataka kibao changu," akasema. Kinyozi akajiinua taratibu, akakaa katikati ya kibao kama mtu aliyefika kwake.

"Ninyanyue," akasema.

Kijana akatazama matope, akatazama viatu vyake. "Mmeharibu mali. Nitaita polisi, wazee. Sitanii."

Binti alikuwa amepiga magoti, anamfunga baba yake kitambaa cha mashine ya presha kwenye mkono uliojaa tope. Fundi alikuwa bado anahema, lakini sauti yake ilifika mpaka kwenye kipaza sauti kilichoachwa wazi.

"Waite," akasema. "Wakija waambie Kombania ya Tatu tumepita hapa mara mbili, na mara zote mbili tumetoka na majeruhi wetu."