Koti Langu la Ngozi Zizini kwa Baba Mkwe

Koti langu la ngozi lilikuwa limeota ukungu, na kesho yake nilikuwa naenda Nyakakika kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu. Mama alisema nilifute kwa kitambaa chenye unyevu, basi. Nikamwuliza ushahidi kwamba hilo linatosha uko wapi. Nikalisugua kwa maji ya chumvi, nikajiona mtaalamu.

Mzee alinipokea zizini.

"Shikamoo, baba."

Kabla hajaitikia, ng'ombe mmoja alinilamba mgongo. Akaja wa pili, kisha zizi zima likanizunguka.

"Kijana, koti umelipaka chumvi?"

"Ndiyo, baba."

Akacheka mpaka akaegemea fimbo, akamwita mkewe: "Mama, njoo umwone mkwe! Ng'ombe wameshamkubali. Ingia ndani, mwanangu. Koti waachie wenyewe."