Uzi wa Mkia wa Dume Jekundu

Gidamis alikuwa Mang'ati, mtu wa ng'ombe, na kwao Dirma watu wa ng'ombe wa zamani hawali samaki. Wanasema ni nyoka wa majini. Lakini ukame ulimaliza zizi lote. Ulimwachia fimbo, shuka na mgwisho wa kufukuzia nzi, alioutengeneza kwa nywele za mkia wa dume lake jekundu, lile lililokufa mwisho. Mke wake Imakulata akarudi Maretadu kwa wazazi wake, wakulima wa mahindi na maharage. Hakufukuzwa, wala hakugombana na mtu. Alikwenda kula.

Gidamis akahamia Basotu, akajenga kibanda karibu na ziwa, akaanza kujifunza kuvua. Siku moja mkwe wake, mzee Akonaay, akampigia simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Jumapili mchana nitakuja huko. Nataka kuona sufuria yako ina nini. Ikiwa na kitu, mke wako atakuja na basi la Jumatatu. Ikiwa tupu, atabaki kwangu, na habari hiyo tusiirudie tena."

"Nimesikia, baba."

Mwezi huo nyavu zilikuwa zimekatazwa, watu wanavua kwa ndoano tu. Aliyemfundisha Gidamis ni jirani yake Hermani, Mwiraqw, mtoto wa wakulima aliyekulia ziwani. Hermani alikata kichwa cha kijiko cha chai, akakitoboa, akakifungia ndoano. Kijiko kikivutwa majini kinamemeta kama kisamaki kinachokimbia, na kambare anakifuata. Mshipi wenyewe, ule uzi mrefu wa kuvulia, alikuwa nao mmoja tu; Gidamis aliuzungushia kwenye kopo la maziwa. Kati ya mshipi na kijiko kinafungwa kipande kifupi, urefu wa mkono, wanakiita uzi wa mbele.

"Hapo ndipo kazi ilipo," Hermani alimwambia. "Ukiweka mwembamba sana, kambare ana meno kama msasa, anausugua mpaka unakwisha. Ukiweka mnene, anauona, halafu kijiko hakichezi. Na kuna ile miti."

Alionyesha migunga iliyomezwa na maji ziwa lilipojaa. Vichwa vyake vyenye miiba vilikuwa vimechomoza juu ya maji.

"Ndoano ikinasa pale, uzi ukatike huko mbele. Unapoteza kijiko, mshipi unabaki nao. Kwa hiyo uzi wa mbele uyashinde meno, lakini uwe dhaifu kuliko mshipi."

"Dhaifu?"

"Ndiyo, dhaifu."

"Kamba ya shingoni ndiyo iwe dhaifu? Nani anafunga ndama hivyo?"

"Wewe Mang'ati, nani amekuambia kambare ni ndama?"

"Na wewe umewahi kufunga nini, zaidi ya gunia la maharage?"

Hermani akacheka, akamkatia kipande cha uzi. "Unaofaa ni huu. Chukua."

Gidamis aliupeleka nyumbani, akaushika huku na huku, akauvuta. Ukamkata kidole, halafu ukakatika. Akakaa akiviangalia vile vipande viwili. Maisha yake yote alijua kwamba kamba ikikatika usiku, asubuhi unaokota mifupa iliyoachwa na fisi. Leo aambiwe Imakulata atarudi kwa kitu kinachokatika mikononi mwa mtu?

Akautoa mgwisho ukutani. Akazifungua zile nywele, akazisokota, akasuka uzi wa mbele mnene kama unyasi. Akauvuta kwa mikono, akaukanyaga kwa mguu, akauvuta tena. Haukusema kitu.

Siku zilizofuata hakupata hata mguso. Kijiko kilikuja majini kimelala kama jani bovu.

"Umeweka uzi gani?" Hermani aliuliza.

"Uzi tu."

Jumapili Hermani alikwenda kanisani, mtumbwi wake ukabaki umefungwa kwa mnyororo. Gidamis alibaki peke yake ufukweni. Upepo ukachafua maji, uzi haukuonekana tena, na kijiko kikavutwa kwa nguvu hata kopo likamgonga kifuani.

Alikuwa kambare mkubwa. Alikimbilia moja kwa moja kwenye migunga, akazunguka shina, akanasa. Gidamis akavuta. Ule uzi wa Hermani ungekatika hapo, naye angefunga kijiko kingine akarusha tena. Wa mkia haukukatika. Kilichokatika ni mshipi, pale ulipofungwa kwenye kopo, mahali palipoliwa na jua. Ukateleza wote majini mbele ya macho yake.

Kambare alibaki pale kwenye miti, amefungwa. Mgongo ulitokea, ukazama, ukatokea tena. Gidamis akavua viatu. Halafu akamwona kiboko na mtoto wake wamejilaza kando ya miti ileile. Akavivaa tena.

Hermani aliporudi kutoka kanisani alisimama akatazama ile miti.

"Tufungue mtumbwi," Gidamis alisema.

"Kiboko mwenye mtoto? Siendi, na wewe huendi."

"Lakini yupo. Namwona."

"Hata mimi namwona." Hermani akatema mate pembeni. "Umemfunga vizuri." Safari hii hakucheka.

Mzee Akonaay alifika kwa bodaboda. Kwapani alikuwa na bunda la nguo za Imakulata, na mwiko wake umechomekwa katikati. Gidamis aliuona ule mwiko kabla hajamwona mzee mwenyewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Habari za hapa?"

"Nzuri."

Mzee aliingia, akafunua sufuria, akaifunika polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa. Gidamis akamchukua mpaka ufukweni.

"Baba, yule pale."

Mzee alikinga jua kwa kiganja. "Yule anayeruka?"

"Ndiye."

"Ni mkubwa."

"Mkubwa, baba."

"Mbona humleti?"

Gidamis akaokota kopo tupu, akaliweka tena chini. Mzee akashusha kiganja.

"Mwanangu, nilisema sufuria. Sikusema ziwa."

Hakukaa. Gidamis alimsindikiza hadi barabarani, wakiongea habari za mvua. Bodaboda ilipowashwa, mzee alilipakata bunda mapajani, akaukaza mwiko usije ukadondoka njiani.

Kambare alikufa siku ya pili. Hakuna aliyeweza kumfuata, na uzi haukumwachia. Aliozea pale pale, upepo ukaleta harufu mpaka kibandani, na nzi wakaja nayo. Gidamis alikuwa amekaa mlangoni, simu iko miguuni, kimya. Nzi wakatua usoni pake. Akanyoosha mkono ukutani kama alivyozoea, akashika mgwisho, akapunga.

Ulikuwa mpini mtupu. Nzi hawakuondoka.